Kiziwi wa Kerzavel na Bi Kahawia

Kerzavel, 9 Oktoba

Babu mpendwa,

Nimefika, na mvua imefika pamoja nami. Nimepewa chumba cha juu nyumbani kwa Bi Tréphine, mjane wa miaka sabini na minne ambaye huuliza swali, hulijibu mwenyewe, kisha hukusifu kwa kujibu vizuri. Dirisha langu linatazama mahali pa zamani pa kufulia nguo, pale chemchemi inapoingia kwenye birika la mawe. Kazi yangu iko hapo mpaka Aprili.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Jumapili nilizungumza nawe dakika kumi na mbili, na muda wote ulinijibu habari za viazi.

Soaz ameniandikia. Usimkasirikie. Jirani aliyeishi nawe ukuta kwa ukuta miaka thelathini ana haki ya kuogopa. Amenieleza juu ya ukungu wa mwezi uliopita, na ile meli ya uvuvi iliyopita karibu na mashua yako hata ukaweza kusoma jina lake. Ilikuwa ikipiga honi tangu mbali. Bandari nzima iliisikia isipokuwa wewe. Babu, vile vifaa vya masikio alivyokupa daktari mwezi wa Juni viko wapi? Sikuulizi kwa ubishi. Nikifumba macho naiona ile meli.

Habari njema ni kwamba nimeshampata Kiziwi. Nilidhani nitasubiri wiki nzima, lakini Jumanne asubuhi mvua ilipoanza nilimkuta kando ya ukuta wa birika, ametulia, amevaa nyeusi na njano kama mtu anayekwenda harusini. Nilimjia kwa nyuma wala hakushtuka. Tulitazamana muda mrefu. Ana utulivu ambao sijauona kwa yeyote, na nadhani ndicho ninachokihitaji mwaka huu. Nilimpiga picha ya mgongo, akavumilia. Bi Tréphine amenionya nisimguse, eti pumzi yake inaua, lakini hayo ni maneno ya watu wa huku. Nitakuwa naye kila siku ya mvua.

Vaa vile vifaa.

Enora


Porz Melen, 14 Oktoba

Enora,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Kwanza, Soaz ana mdomo mpana kuliko mlango wa bandari. Ile meli ilikuwa mbali. Jina lake nililisoma kwa kuwa nina macho mazuri.

Pili, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya moyo. Ila Ronan anajua? Kijana alikaa mezani kwangu wakati wa Pasaka akala kaa wawili wazima. Sasa unaniambia una mtu mwingine huko milimani, kiziwi, anayesimama ukutani kwenye mvua na kuvaa njano, nawe unampiga picha ya mgongo. Uso hana? Anafanya kazi gani, au kusimama kwenye mvua ndiyo kazi? Na huyo mwenye nyumba wako anaposema pumzi yake inaua, ana maana mlevi au ana maana meno?

Kama umemtafuta kiziwi ili unifundishe mimi somo fulani, nimelielewa, na sitaki la pili. Mimi si kiziwi. Watu siku hizi wananong'ona.

Huku Bi Kahawia amerudi kwenye mchanga wa ng'ambo ya mnara. Jana nilimshika mmoja mpana kama meza ya mkahawa, nikambusu kwenye pua, nikamrudisha majini.

Mlete huyo mtu nimwone. Mwambie aje na koti.

Babu yako, Goulven


Kerzavel, 18 Oktoba

Babu,

Nimecheka mpaka Bi Tréphine akapanda ngazi kuja kuangalia kama ninaumwa. Nilipomsomea barua yako alicheka pia, kisha akaacha, akaniuliza kwa sauti ya chini Bi Kahawia ni nani, na bibi yangu amefariki muda gani, na je, ni desturi ya watu wa pwani kuwabusu wanawake kwenye pua halafu kuwatupa baharini. Nimemweleza kwamba ni samaki aina ya taa, yule mpana na bapa, na kwamba mabaharia wote humwita hivyo kwa ajili ya rangi ya mgongo wake. Sina hakika kama ameniamini.

Sasa zamu yako kuelezwa. Kiziwi ni salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi. Ana urefu wa kiganja changu na vidole juu yake, miguu minne mifupi, mkia, ngozi nyeusi inayong'aa na mabaka ya njano. Watu wa milima hii wote humwita Kiziwi, kwa kuwa hana tundu la sikio popote kichwani. Nilisahau kwamba huko kwenu hayupo, na jina lake pia halipo. Ndiye niliyetumwa kumhesabu. Mgongo nampiga picha kwa sababu hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana. Mpaka sasa ninao kumi na mmoja, na wote hawajaoa.

Kuhusu Ronan. Nilikuambia mwezi wa Agosti, kwa simu. Nilisema, "Babu, Ronan ameondoka, sijui nifanye nini." Ukakaa kimya kidogo, nikadhani unanitafutia neno. Kisha ukasema, "Vizuri sana, na msisahau siagi."

Sikulia siku ile. Niliweka simu mezani nikaitazama. Babu, tangu mama afariki ni wewe niliyekuwa nikikuambia kila kitu kabla sijakielewa mwenyewe. Sasa nakuambia vitu na haviendi popote. Ndiyo maana nasumbua juu ya vile vifaa. Meli inanitisha, kweli. Lakini na siagi pia inanitisha.

Enora


Porz Melen, 24 Oktoba

Mjukuu wangu,

Siku ile nilisikia "Ronan" na nikasikia "ondoka". Nikajua mmeondoka, mko njiani mnakuja kula. Nikanunua kaa watatu. Nikatandika meza. Nilingoja mpaka saa kumi, ndipo nikamwita Soaz, naye akaniuliza sahani mbili ni za nani. Nilikukasirikia wiki mbili, sasa unajua.

Pole sana. Kijana mwenyewe alikuwa anakula kaa kwa uma. Ningekuambia mapema.

Nimefikiri juu ya huyo Kiziwi wako na nampenda kuliko nilivyotegemea. Hana masikio, hasikii kitu, na wewe mwenyewe umeandika kwamba ana utulivu. Anaishi miaka mingapi?

Tuwekeane sharti, kwa kuwa najua hutaniacha. Thibitisha kwamba huyo mnyama asiye na tundu la sikio anasikia, nami nitavitoa vile vidude kwenye kopo la biskuti nilimoviweka. Ukishindwa, hutavitaja tena hadi siku ya mazishi yangu, na hata siku hiyo uvitaje kwa sauti ndogo.

Na ujue kabisa kwamba kwa uzuri hamfikii Bi Kahawia. Mabaka ya njano hata nyigu anayo. Bi Kahawia ana mawimbi mgongoni, kila wimbi limeshonwa kwa vitone vyeupe pembeni, kama kazi ya mshonaji wa kofia za bibi yako.

Goulven


Kerzavel, 6 Novemba

Babu,

Anaishi zaidi ya miaka ishirini, na sharti nimelikubali.

Nimefanya hivi. Siku za mvua Viziwi hutoka mchana kwenye njia ya majani nyuma ya birika. Nilisimama hatua nne nyuma yao, mahali ambapo hawakuweza kuniona. Kwanza nilipiga makofi. Hakuna aliyejali. Nikaimba. Hakuna aliyejali, ila Bi Tréphine alifunga dirisha. Kisha nikapiga kisigino ardhini, mara moja, kwa nguvu. Yule wa kwanza alisimamisha mguu hewani, akabaki hivyo kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Nimerudia siku sita kwa Viziwi tisa. Saba wamesimama.

Wataalamu walishalijua, mimi nilitaka kuliona kwa macho yangu. Mtikisiko wa ardhi hupanda kwenye miguu yake ya mbele, hupita mabegani, hufika kwenye mfupa mdogo uliofichwa ndani ya kichwa. Sikio analo. Mlango wake ndio uko kwenye miguu.

Watu wamemwita Kiziwi miaka mia ngapi, naye alikuwa anawasikia wakija.

Juu ya mavazi yao: kila mmoja ameandikiwa mgongoni jina lake. Uliwahi kukutana na Bi Kahawia yuleyule mara mbili?

Fungua kopo.

Enora


Porz Melen, 13 Novemba

Enora,

Asante kwa kunishindia. Anasikia kwa miguu. Sasa niulize mimi nasikiaje. Nikisimama kwenye mashua najua kwa nyayo kama injini imechoka, kama wavu umegusa mwamba, kama bahari imebadilika upande wa kaskazini. Miaka hamsini na mbili nimesikia kwa miguu, na daktari hakunipima miguu. Mimi na Kiziwi tumeelewana. Kopo limebaki limefungwa.

Bi Kahawia nimekutana naye mara mbili, ndiyo. Mmoja ana wimbi lililokatika begani kama herufi S. Nilimshika mwaka ule uliofaulu mtihani, na tena mwaka jana, mahali palepale. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amenenepa, kama sisi sote.

Halafu mwambie Kiziwi wako kwamba mwenzake ana ngozi ya msasa na miiba mkiani. Akitaka kumsalimia avae glavu.

Goulven


Kerzavel, 21 Novemba

Babu,

Nimefikiria jibu lako siku nzima nikiwa nimeinama kwenye majani, na mgongo unaniuma kwa ajili yako.

Kiziwi na anayemjia wanakanyaga ardhi moja. Ndiyo maana miguu inamtosha. Wewe nyayo zako zinakuambia yote ya mashua yako, lakini ile meli haikuwa imekanyaga mbao zako. Ilikuwa kwenye ukungu, na ukungu hauna sakafu. Kama ingefika hadi kwenye miguu yako, Babu, ingekuwa imeshafika.

Nisamehe kwa kuandika hivyo. Nimeandika mara tatu na hii ndiyo ya upole.

Ninalo swali moja. Soaz anasema mwezi wa Juni ulivivaa siku tatu, na ulifurahi, ukamwambia umesikia ndege ambaye ulikuwa hujamsikia tangu bibi alipokuwa hai. Siku ya nne ukaviweka kwenye kopo. Kulitokea nini siku ya nne?

Enora


Porz Melen, 30 Novemba

Mjukuu wangu,

Swali lako nilikuwa nimeamua kutolijibu. Halafu leo bahari imefungwa na sina cha kufanya.

Siku ya nne nilishuka gatini navyo. Unakumbuka yule mnyama wa masikio marefu ambaye mashuani hatajwi, kwa kuwa jina lake huleta mkosi. Siandiki jina lake kwa sababu barua hii inapita bandarini. Nilipofika, Maudez, mvuvi mwenzangu, aliviona masikioni mwangu. Akaweka viganja viwili juu ya kichwa chake, hivi, akavitikisa. Wengine wakacheka, nami nikacheka. Ni utani, mimi mwenyewe nimewatania watu vibaya zaidi. Lakini baadaye nilikwenda kumsaidia Maudez kupakia mitego, nikainua mguu kuingia mashuani mwake, akaniambia polepole, bila kucheka sasa, "Goulven, ndugu yangu, si leo. Na hayo masikio, si leo."

Alikuwa na haya kuliko mimi. Ana watoto watatu na mwaka wake umekuwa mbaya. Sikumlaumu. Hata mimi nisingempakia mtu kama huyo.

Kwa hiyo usiniletee habari za wataalamu. Daktari anaweza kunipa masikio. Hawezi kunipa gati.

Goulven


Kerzavel, 12 Desemba

Babu,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Kwanza nilimkasirikia Maudez, kisha nikakumbuka nilipokuwa na miaka saba nikalitaja lile jina nikiwa ndani ya mashua yako. Ulizima injini. Ulitugeuza tukarudi nyumbani, na asubuhi ile bahari ilikuwa kama kioo. Sikuona kama ni ujinga. Niliona kwamba kuna mahali ambapo neno lina uzito. Nadhani ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kuogopa maneno, na wa kuyapenda.

Kwa hiyo sitakushawishi tena. Huku milimani naweza kuliandika: sungura. Bi Tréphine anafuga kumi na wanne, na Jumapili tulimla mmoja kwa haradali. Hakuna kilichozama.

Nina ombi dogo tu, la kazi. Ukimpata Bi Kahawia, kabla hujambusu, chukua kile kioo cha kukuzia stempu. Nyuma ya macho yake kuna matundu mawili makubwa, hayo unayajua, ya kuvutia maji. Mimi nataka utazame katikati yake, juu ya kichwa. Niambie unaona nini. Kitabu nilichonacho kina mchoro mmoja mbaya na ninakuamini wewe zaidi.

Nitakuja Krismasi na keki ya siagi. Siagi sikuisahau.

Enora


Porz Melen, 22 Januari

Enora,

Krismasi ilikuwa nzuri, ingawa ulikula kidogo na kunitazama sana. Niliona ulivyokuwa unalitazama lile kopo. Ni la biskuti.

Katika barua yako ya Desemba neno lile nimelikata kwa mkasi. Barua ina tundu sasa, na kupitia humo naweza kuona bandari.

Jana bahari ilitulia kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimempata Bi Kahawia, si yule wa S, mwingine, mdogo. Nikamlaza kwenye kitambaa chenye maji, nikachukua kioo. Soaz alikuwa gatini anatazama, na leo mtaa wote unajua kwamba mzee Goulven anampima samaki macho.

Yapo. Katikati ya kichwa, mawili, madogo kama yametobolewa kwa sindano ya kushonea tanga. Miaka hamsini na mbili nimemshika mkononi, na sikuwahi kuyaona. Ni masikio, sivyo? Usinidanganye kwa kunyamaza, nimekujua tangu huna meno.

Nilikaa naye pale nikifikiri. Kumbe kila nilipowasha injini alinisikia. Kila nilipotukana alinisikia. Ana masikio, na hakuna aliyewahi kumwita Masikio Marefu, wala hakuna mashua iliyomkataa. Nilimwomba radhi kwa maneno ya miaka hamsini na mbili, nikamrudisha. Hakusubiri nimalize.

Hii haina maana yoyote. Nakueleza, na mchoro nimeutia humu, kwa ajili ya kazi yako.

Goulven


Kerzavel, 20 Februari

Babu,

Ni masikio. Na asante, mchoro wako nimeubandika ukutani badala ya ule wa kitabu.

Leo nimeona jambo nikatamani ungekuwa hapa, hata kama ungesema la kwako ni bora. Kiziwi jike, namba kumi na saba, yule mwenye baka kama kiatu, alishuka hadi ukingo wa birika. Unajua kwamba Kiziwi aliyekomaa akitumbukia kwenye maji marefu huzama? Alizaliwa majini, na amesahau kuogelea. Akageuka, akarudi kinyumenyume, akashika jiwe kwa miguu ya mbele na kuingiza majini sehemu ya nyuma tu. Akazaa hapo. Watoto hai, wadogo kama msumari, wana matamvua ya kupumulia shingoni. Nilihesabu ishirini na sita. Muda wote alishikilia jiwe. Maji yanayoweza kumuua ndimo alimoyaweka maisha yao.

Bi Kahawia wako anafanyaje? Anaaga mayai yake au anaondoka tu?

Nimegundua kwamba siku nzima sikuwa na huzuni. Niligundua jioni, nikikausha soksi. Nilitamani kumwambia mtu kwa mdomo.

Enora


Porz Melen, 3 Machi

Mjukuu wangu,

Namba kumi na saba ni mwanamke shupavu, mpe salamu zangu. Lakini ishirini na sita ndani ya birika moja la kufulia? Bi Kahawia anajiheshimu. Kila yai analitia kwenye mkoba wake, wa kahawia kama yeye, wenye pembe nne, akaulaza kwenye mchanga. Kuaga haagi. Ameshapakia kila kitu, aage nini? Nimekuokotea mikoba mitatu mitupu ufukweni. Kuhusu hayo ya maji, basi wamebadilishana tu: wako anaogopa bahari, wangu anaogopa nchi kavu, na kila mmoja amezaliwa akiwa amelowa.

Habari za huku ni chache. Bawaba za dirisha la jikoni zinalia kama paka aliyekanyagwa, nitazipaka mafuta. Soaz anapoanika nguo anaimba wimbo wa kanisani na kila mara anakosea mstari uleule wa tatu, na anaukosea kwa kujiamini. Mkate wa kampuni mpya ni mbaya, ukiukata hautoi mlio wowote.

Viazi vimechipua.

Goulven


Kerzavel, 7 Machi

Babu,

Bawaba za dirisha la jikoni zilikuwa zinalia hata kabla bibi hajafariki. Tulizoea.

Zimeanza kukusumbua lini?

Enora


Porz Melen, 12 Machi

Enora,

Ulikuwa mtoto wa hivyo hivyo. Mtu akificha peremende mfukoni unamuuliza mbona anatembea upande.

Sawa. Zimeanza tarehe ishirini na tatu ya Januari, asubuhi, nilipofungua dirisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimelisikia friji, nikadhani kuna mtu jikoni. Nilivivaa nyumbani tu, mlango umefungwa, wiki sita. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeacha kuniomba, na mtu akiacha kukuomba unabaki huna wa kumkatalia.

Jumatano nilivivaa gatini. Maudez alikuwepo na wenzake. Kabla hajainua viganja nilimwambia, "Tulia. Haya si masikio, ni matundu ya Bi Kahawia. Daktari kanitoboa." Nikawaonyesha mchoro, ule wa kwanza, wako ni nakala. Walibishana nusu saa, hakuna aliyewahi kuyaona, na Maudez akaapa kwamba taa hana tundu lolote kichwani. Tukaenda kumtazama mmoja kwenye kreti ya mwenzetu. Akainama na kioo muda mrefu. Alipoinuka alisogeza mguu wake kidogo, kama mtu anayempisha mwingine apite. Nikaingia mashuani mwake. Tulipakia mitego yote arobaini.

Sasa wananiita Bwana Kahawia. Naweza kuishi na hilo.

Jana nilitoka peke yangu, na ukungu ulishuka nilipofika ng'ambo ya mnara. Mzito, ule wa kukata kwa kisu. Nilizima injini nikakaa. Nyayo hazikuniambia kitu, ulisema kweli. Kisha nikaisikia honi, mbali sana, upande wa kushoto. Nikaingoja. Ikapiga tena, kushoto vilevile, ikipita zake. Nilikaa pale nikiisikiliza mpaka ilipoisha, mjukuu wangu, kama mtu aliyekwenda kanisani. Haikuwa na haja ya kujua nipo. Mimi nilijua ipo, basi.

Unipigie simu Jumapili baada ya chakula. Anza upya, tangu Agosti, tangu Ronan. Niambie yote jinsi ulivyoniambia siku ile, nami safari hii nitakujibu.

Ila zungumza taratibu, usipige kelele. Mimi si kiziwi.

Babu yako,
Goulven